Mchoro wa Saba

Bwana Teles, chupa yako imefika salama,
imeviringishwa majani makavu kama yai la bata.
Niliiweka mezani kati ya koleo na mkate.
Sikuifungua. Kwanza niliipima:
gramu mia nane na thelathini ikiwa imejaa.
Kisha nikanywa maji yako yote, nikaipima tena:
mia tatu na thelathini.
Hiyo nusu kilo iliyopita kooni mwangu
ndiyo ninayoichorea.

Umeandika: nataka chuma kisionekane,
nataka chupa ielee.
Kila mteja hapa Águeda husema hivyo,
wa bia, wa divai ya povu, wa sharubati ya tini,
wote wanataka mbebaji asiye na mabega.
Nami hujibu, nitajaribu,
maana bei ya waya imepanda
na kodi ya karakana haina haya.

Mchoro wa kwanza ulikuwa mzuri mno, ukashindwa kusimama.
Wa pili ulisimama, ukafanana na kizimba cha sungura.
Wa tatu tuuache.
Wa nne, Deolfina, yule anayelehemu,
aliinua kioo chake cheusi, akautazama, akauliza:
"Na mkono wa mnunuzi utapitia wapi?"

Nilikuwa nimeusahau mkono.
Nilikuwa nimechora chupa
kana kwamba hakuna atakayeona kiu.

Baba yangu alikunja waya miaka thelathini na mmoja
katika kiwanda cha baiskeli, siku hizi ni maegesho ya magari.
Kazi yake vile vikapu vidogo vya chupa
vinavyofungwa kwenye bomba la fremu:
mpanda baiskeli anainama, jasho machoni,
anachomoa chupa bila kuitazama,
anakunywa, anairudisha kwa kupapasa.
"Ikigoma kutoka," alikuwa akisema, "umejenga jela.
Ikitoka yenyewe, umetengeneza takataka.
Hapo katikati ndipo penye mshahara wangu."

Basi mchoro wa tano nimemwibia yeye:
waya wa milimita nne, pindo moja tu,
na ulimi mfupi unaogusa shingo ya chupa.
Wa sita ulizaliwa na kosa la wa tano,
kwani ukichukua chupa za mbele
stendi nzima iliangukia nyuma
kama mlevi aliyekumbuka jambo.
Nikaongeza mguu, upana wa vidole vitatu.

Huu sasa ni wa saba. Unabeba kumi na mbili.
Nimeupiga teke. Deolfina ameupiga teke, na yeye hana mzaha.
Unatikisika, unalia kidogo, unatulia.

Kuhusu rangi: umeomba dhahabu. Nakusihi, usifanye hivyo.
Maji hayana rangi ya kugombana nayo.
Nipe kijivu cha jiwe lililolowa.

Na jambo moja lisilomo kwenye ankara.
Jumamosi nilikwenda Sangalhos kununua mayai,
na dukani kwa Bi Zulmira, kando ya mizani,
nikaiona stendi niliyoichora mwaka juzi
kwa bia ambayo kampuni yake imeshafilisika.
Kibao cha jina kimeng'olewa,
yamebaki matundu mawili ya skrubu.
Ndani ya pete amesimamisha mishumaa ya kanisani,
minane, na katika pete ya tisa, mwiko.

Sikumwambia kuwa ni kazi yangu.
Nilitazama pembeni, nikachomoa mshumaa mmoja.
Ukatoka.
Nikaurudisha kwa kupapasa.
Ukakaa.
Nikasahau mayai.

Nijibu kuhusu rangi kabla ya Alhamisi,
Deolfina anakwenda likizo kwa dada yake.
Chupa yako sitairudisha, unisamehe.
Iko dirishani, tupu,
imesimama wima
bila msaada wangu.

Graciete